Gitaa bila mwalimu: Yanayofunzwa na video na yasiyoonekana

KUJIFUNZA gitaa bila mwalimu wa darasani si jambo geni katika Afrika Mashariki. Wengi wa magwiji walioacha nyimbo ambazo leo huitwa zilizopendwa hawakuwahi kusoma nota wala kufanya mtihani wa muziki. Walisikiliza santuri hadi zikakwaruzika, wakatazama vidole vya aliyewatangulia, kisha wakarudi nyumbani kujaribu walichokiona. Waliokosa pesa za kununua ala walijiundia kwa mkebe na nyaya za breki za baiskeli.

Kijana wa leo hutazama vilevile, ila anayetazamwa yumo ndani ya kioo cha simu. Tangu YouTube ianzishwe mwaka wa 2005, na hasa baada ya nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM kufikishwa Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka wa 2009, mtu aliye Kakamega, Voi au Lodwar anaweza kuona mafunzo yaleyale yanayotazamwa London au Chicago, mradi ana simu na kifurushi cha data. Mengi ya mafunzo hayo hayalipiwi. Kwa asiyemudu karo ya chuo cha muziki, au anayeishi mbali na mji wenye chuo cha aina hiyo, hii ni fursa ambayo wazee wake hawakuijua.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa kati ya kutazama kwa zamani na kutazama kwa leo. Mzee aliyetazamwa barazani alimtazama mwanagenzi pia. Alipoona kifundo cha mkono kimepinda visivyo, alikinyoosha. Aliposikia uzi umelegea, aliukaza. Video hufunza mchana na usiku bila kuchoka, lakini haioni wala haisikii.

Andy Mooney, aliyechukua usukani wa kampuni ya Fender ya Marekani mwaka wa 2015, amewahi kueleza kwamba takriban asilimia 90 ya wanaoanza gitaa huliacha katika miezi 12 ya kwanza, wengi wao hata kabla ya siku 90 kwisha. Takwimu za muuzaji wa magitaa zafaa kupokewa kwa tahadhari, hasa ikikumbukwa kwamba kampuni hiyo ilianzisha huduma yake ya kulipia ya mafunzo ya video, Fender Play, mwaka wa 2017. Lakini yeyote aliyewahi kuona gitaa lenye vumbi limeegemezwa nyuma ya kabati, uzi mmoja umekatika, hatazipuuza kabisa.

Kutoka kitabu hadi kioo

Mafunzo ya kujisomea yalianza kitambo kabla ya intaneti. Mwaka wa 1957 Mwingereza Bert Weedon alichapisha kitabu alichokiita Play in a Day, kikimwahidi msomaji kwamba angeweza kupiga kwa siku moja. Ahadi hiyo ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kweli, lakini miongoni mwa waliokipitia ujanani ni John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Eric Clapton. Upungufu wa kitabu ulikuwa dhahiri: kilionyesha mahali pa kuweka vidole, lakini hakikutoa sauti. Mwanagenzi hakuwa na njia ya kujua kama alichokipiga ndicho kilichokusudiwa.

Baadaye zilikuja kanda za video, kisha diski za DVD. Hizo zilikuwa na sauti na picha, ila kurudia sekunde tano za wimbo kwenye kanda kulitaka subira ya mvuvi. Ndipo mwaka wa 2003 Justin Sandercoe, mzaliwa wa Tasmania nchini Australia aliyehamia London, alipoanza kuweka mafunzo bila malipo kwenye tovuti yake ya JustinGuitar. Sifa ya mafunzo hayo, ambayo yamewafikia mamilioni ya watu, si ufundi wa mwalimu pekee bali mpango wake. Somo la pili limejengwa juu ya la kwanza, na hakuna kuruka.

Jambo hilo la mpango ndilo linalowaponyoka wengi wanaojifunza kwa video. Mtandao huzipanga video kwa kadiri zinavyoweza kumshika mtazamaji, wala si kwa mahitaji ya vidole vyake. Jumatatu mwanagenzi hujifunza kodi mbili. Jumanne huletewa video ya mtu anayecharaza kwa kasi ya kutisha, akaijaribu. Jumatano ni wimbo mpya ulioingia sokoni. Baada ya miezi mitatu huwa na vipande vya nyimbo kumi na mbili na hajui mmoja hadi mwisho. Afadhali kuchagua mwalimu mmoja mwenye masomo yaliyopangwa na kudumu naye angalau miezi mitatu, hata kama si yule anayechekesha zaidi.

Ala kabla ya somo

Video nyingi huanza na gitaa lililo tayari mikononi mwa mwalimu: nyuzi mpya, shingo iliyonyooka, sauti iliyopatanishwa. La mwanagenzi huenda ni la mkopo au limenunuliwa kwa bei ya chini, na hapo ndipo wengi hushindwa bila kujua sababu. Hudhani vidole vyao ni dhaifu, kumbe kasoro iko kwenye ala.

La kukaguliwa kwanza ni urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo. Chuma kidogo kinachokata shingo kukingama huitwa freti, na zinahesabiwa kuanzia upande wa vigingi vya kukazia nyuzi. Kwenye freti ya 12 ya gitaa lenye nyuzi za chuma, nafasi ya milimita mbili hadi tatu kati ya uzi na freti inafaa. Ikizidi milimita nne, kubonyeza uzi kutakuwa mateso na sauti itapanda kuliko inavyostahili, kwani uzi huvutwa zaidi unapobonyezwa. Fundi anaweza kuyapunguza haya kwa kusugua mfupa unaobeba nyuzi pale kwenye daraja. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gitaa jingine.

La pili ni aina ya nyuzi. Nyuzi za nailoni hazikati ngozi kama za chuma, lakini magitaa yake huwa na shingo pana inayowasumbua wenye vidole vifupi. Nyuzi za nailoni zisibadilishwe kwa za chuma kwenye gitaa lisiloundiwa mzigo huo, kwani mkazo wa chuma ni mkubwa na daraja linaweza kung'oka. Kosa hilo hufanywa mara nyingi na wanaodhani nyuzi zote ni mamoja.

Kisha kuna kupatanisha nyuzi. Kuanzia uzi mnene ulio juu hadi ule mwembamba wa chini, sauti za kawaida ni E, A, D, G, B na E. Uzi mnene hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, wa pili wake 110, kisha 147, 196, 247, na mwembamba kabisa 330. Programu za bure za simu hupima sauti hizo na kuonyesha iwapo uzi ukazwe au ulegezwe. Hata hivyo, mwanagenzi atafaidika akijifunza pia njia ya zamani ya kutumia masikio. Uzi wa sita ukibonyezwa kwenye freti ya tano hutoa sauti ya uzi wa tano ukiwa wazi. Wa tano hutoa ya wa nne. Wa nne hutoa ya wa tatu. Wa tatu pekee hubonyezwa kwenye freti ya nne ili kupata sauti ya wa pili, kisha utaratibu wa freti ya tano hurejea. Betri ya simu ikizima, masikio hayazimi.

Kioo kinavyogeuza mambo

Mwalimu anayetumia mkono wa kulia akiketi mbele ya kamera, shingo ya gitaa lake huelekea upande wa kulia wa mtazamaji, ilhali shingo ya gitaa la mtazamaji huelekea kushoto kwake. Akili hulazimika kugeuza kila inachokiona. Wengi huzoea baada ya wiki mbili, lakini siku za mwanzo vidole hupotea njia na mwanagenzi hujilaumu bure. Waalimu wazuri huweka kamera ya pili inayoangalia kutoka juu ya bega, na video za namna hiyo ndizo za kutafutwa na anayeanza. Wanaotumia mkono wa kushoto, ambao kwa kawaida hupata taabu katika kila jambo lililoundiwa walio wengi, hapa wana nafuu: mwalimu wa mkono wa kulia aliye mbele yao ni kama taswira yao wenyewe kwenye kioo.

Michoro nayo ina mitego yake. Mchoro wa kodi huchorwa kana kwamba gitaa limesimamishwa wima likimtazama msomaji, uzi mnene ukiwa kushoto. Lakini katika tabulecha, yaani ile mistari sita yenye tarakimu zinazotaja freti, uzi mnene ni mstari wa chini kabisa. Asiyeelezwa jambo hili anaweza kupiga wimbo mzima juu chini.

Kitufe chenye manufaa makubwa ni kile cha kupunguza kasi, kinachowezesha video kuchezwa kwa nusu au robo tatu ya mwendo wake bila sauti kubadilika kiwango. Lakini nacho kina mipaka. Video ya kawaida huwa na picha 25 au 30 kwa sekunde. Mcharazaji anayepiga sauti nane kwa sekunde huwa ameachiwa picha tatu au nne tu kwa kila sauti, na kidole kinachokwenda kasi huonekana kama ukungu. Kupunguza kasi hakuongezi picha ambazo kamera haikuzinasa. Hapo masikio ndiyo hukamilisha kazi ya macho.

Masikio nayo hudanganywa na spika ya simu. Spika hiyo ndogo haina nguvu ya kutoa sauti nzito, na nyuzi mbili za juu za gitaa ziko katika kiwango hicho hasa. Anayejifunza kwa spika ya simu husikia nyuzi nyembamba zikiimba na hukosa besi inayoubeba wimbo. Vifaa vya masikioni, hata vya bei nafuu, hurejesha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Kuhusu gharama, saa moja ya video yenye ubora wa wastani hula takriban nusu gigabaiti ya data, na ile ya ubora wa juu huweza kupita gigabaiti moja na nusu. Kwa kutazama vidole, ubora wa wastani unatosha. Isitoshe, somo la dakika kumi lina kazi ya wiki nzima ndani yake. Hakuna haja ya kutazama masomo sita kwa usiku mmoja.

Wiki za maumivu

Kodi ya gitaa, ambayo haina uhusiano wowote na ile inayotozwa na serikali, ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Anayeanza huhitaji chache mno. Kodi za A, D na E zinatosha kwa idadi kubwa ya nyimbo, na vivyo hivyo G, C na D. Kila utatu huo unaundwa na ngazi ya kwanza, ya nne na ya tano ya muziki, na nyimbo nyingi za kanisani, za shuleni na za burudani hazitoki nje ya ngazi hizo.

Kubonyeza kodi ni jambo moja, kuhama kutoka moja hadi nyingine bila kusimama ni jingine, na hapa ndipo safari ya wengi hukomea. Sandercoe ameeneza zoezi jepesi la kuhesabu mara ambazo mtu anaweza kuhama kati ya kodi mbili kwa dakika moja. Siku ya kwanza huenda ikawa mara nane. Ikifika 30, wimbo huanza kupigika. Uzuri wa zoezi hilo ni kwamba linampa mwanagenzi asiye na mwalimu kitu cha kupima, maana maendeleo ya gitaa ni ya polepole kiasi kwamba anayeyapata hayaoni.

Vidole vitauma. Ngozi ya ncha za vidole huchukua takriban wiki mbili hadi nne kuwa ngumu, na hakuna video inayoweza kufupisha muda huo. Dakika 20 kila siku hujenga ngozi na kumbukumbu ya vidole kuliko saa tatu za Jumamosi, ambazo huishia katika malengelenge na mapumziko ya siku tano. Kidole kibonyeze karibu kabisa na freti, si katikati ya nafasi mbili, kwa sababu hapo nguvu ndogo hutosha. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikae nyuma ya shingo bila kuikaba.

Ni muhimu kutofautisha maumivu ya ngozi na maumivu ya ndani. Ncha za vidole zikiuma, hiyo ni ada ya kuingia. Maumivu ya kifundo cha mkono, ganzi ya vidole, au uchungu unaopanda hadi kwenye kiwiko si ada. Ni ishara kwamba mkono umekunjwa vibaya au unakaza kupita kiasi, na mazoezi yasimamishwe hadi kasoro ipatikane. Mwalimu wa darasani angeliona jambo hilo siku ya kwanza. Wa kwenye video ataendelea kutabasamu.

Mkono wa kulia uliosahaulika

Hadi hapa, video za kigeni zinatosha. Lakini mpenzi wa muziki wa Afrika Mashariki hukumbana na pengo ambalo huenda asiligundue upesi. Mafunzo mengi ya wanaoanza, yawe ya Marekani, Uingereza au Australia, humfunza mwanagenzi kukwaruza nyuzi zote sita kwa kipande cha plastiki, chini na juu, kodi zikibadilika kila baada ya mapigo manne. Huo ni msingi mzuri wa nyimbo za huko. Gitaa la hapa halikukua hivyo.

Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo huitwa Likasi. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Kwa gumba alitembeza besi, kwa shahada akaimbisha nyuzi nyembamba, na aliyemsikia katika santuri angeweza kuapa kwamba kulikuwa na wapigaji wawili. Rekodi yake ya Masanga ilivuka mipaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft alichapisha uchanganuzi wa upigaji wake katika jarida la African Music. Mwenda na mwenzake wa Katanga, Edouard Masengo, walifika Nairobi katika miaka hiyo, na ushawishi wao ulikuta udongo ulio tayari.

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliuendeleza upigaji wa vidole viwili katika mtindo unaojulikana kama omutibo, gitaa kavu likiandamana na mlio wa chupa ya soda yenye mbavu iliyokwaruzwa kwa chuma. Mukabi alifariki mwaka wa 1963 akiwa bado kijana, lakini rekodi zake zingali zinasikilizwa. Upande wa Ziwa, waasisi wa benga walihamishia kwenye gitaa la solo mienendo ya nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyeongoza bendi ya Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka wa 2006, ni miongoni mwa walioufikisha mtindo huo mbali.

Anayeanza kwa kukwaruza pekee kwa mwaka mzima hufunza mkono wake kwenda kama kitu kimoja. Akitaka baadaye kupiga omutibo, lazima ajifunze kutenganisha kidole gumba na cha shahada, kana kwamba ni watu wawili wanaozungumza. Si kazi isiyowezekana, ila ni rahisi zaidi ikianzwa mapema. Mwenye nia hiyo anaweza kutenga nusu ya muda wake wa kila siku tangu mwezi wa pili kwa zoezi hili: ashike kodi ya C, agonge uzi wa tano kwa gumba, kisha wa nne, kisha wa tano tena, polepole na bila kukatiza, huku mguu ukipiga chini. Gumba likishaweza kwenda lenyewe hata akizungumza na mtu, ndipo kidole cha shahada kiongezwe kwenye uzi wa pili, kwanza pamoja na gumba, halafu katikati ya mapigo yake. Kuharakisha hapa ni kupoteza wakati.

Nyimbo nyingi za gitaa kavu hupigwa kwa kodi za C, F na G, kwa hivyo F haiepukiki. Kodi hiyo ndiyo inayoogopwa na wanagenzi kote duniani, kwa sababu umbo lake kamili hutaka kidole cha shahada kibonyeze nyuzi zote sita. Kwa kuanzia, F ndogo ya nyuzi nne inatosha, na inasikika vizuri katika mtindo huu.

Vielelezo vya kutazama vipo, ingawa si vingi na havikuundwa kuwa masomo. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alipiga filamu za wacharazaji wa nchi kadhaa za Afrika kati ya mwaka wa 1966 na 1993, Mwenda akiwemo, na filamu hizo zilitolewa kwa kanda ya video katika miaka ya 1990. Mwaka wa 2008 shirika la Ketebul Music la Nairobi lilitoa Retracing the Benga Rhythm, kazi iliyojumuisha kijitabu, CD na DVD. Katika mtandao pia mna video zilizopigwa kwa simu uani, wazee wakicharaza katika harusi na matanga. Hawasemi "weka kidole hapa," wala hawarudii polepole. Lakini vidole vyao vinaonekana, na kwa aliyekwisha kujua kodi zake, hicho ndicho kinachohitajika.

Anayejaribu kuandamana na rekodi za zamani ajue jambo moja litakalomwokoa usiku mrefu. Gitaa lake, hata likipatanishwa vyema kwa programu ya simu, mara nyingi halitakubaliana na santuri. Wapigaji wengi wa wakati ule walikaza nyuzi kwa kufuata sauti zao wenyewe, na mwendo wa mashine za kurekodi haukuwa sawa daima. Suluhisho ni kusikiliza rekodi na kukaza au kulegeza nyuzi zote hadi ziafikiane nayo. Tofauti ikiwa kubwa, kuna kapo, kibanio kinachofungwa shingoni ili kupandisha sauti ya nyuzi zote kwa pamoja. Zamani penseli iliyofungwa kwa mpira ilifanya kazi hiyohiyo.

Jicho la pili

Simu inayoleta mafunzo ina kamera pia, na wachache huigeuza ijitazamie wao. Mwanagenzi akijirekodi dakika mbili kila Jumapili, ataona asiyoyahisi akipiga: bega lililopanda, kichwa kilichoinamia nyuzi, wimbo unaokimbia mahali rahisi na kusita mahali pagumu. Hilo la mwisho ndilo ugonjwa wa wanaojifunza peke yao, kwa kuwa hakuna anayewasubiri. Pigo la metronomu, ambalo hupatikana bure kwenye simu, hulifichua mara moja, na wengi huliacha kwa sababu hiyohiyo.

Kupiga na mwenzake hata mara moja kwa mwezi hufunza mengine. Kwaya nyingi za makanisa humu nchini zina mpiga gitaa, na ni nadra mtu huyo kukataa kumketisha chipukizi kando yake baada ya mazoezi. Aendaye kwake asiende kuomba somo la kuanzia mwanzo, kwani hilo simu inalo. Aende na wimbo mmoja anaoujua nusu, aupige hadi pale anapokwama, amwachie mwenyeji autazame mkono.

Mara nyingi jibu halichukui hata dakika kumi: kiwiko kisogezwe mbele kidogo, gumba lishuke nyuma ya shingo, na kidole cha shahada kilichokuwa kikizima uzi wa kwanza kiinuliwe kwa ncha yake. Baada ya hapo C iliyokataa kulia kwa miezi miwili hulia, na kijana hurudi nyumbani kwenye video zake akiwa na kazi ya wiki sita zijazo.